Nani anahamisha dozi? Kisa cha dawa ya mseto Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini

Mwaka 2009 wilaya tatu za Tanzania zilianza jambo ambalo ukilitazama juu juu ni dogo. Kila wiki, kila kituo cha tiba kilihesabu dawa zake za malaria na kutuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Hesabu ya wiki ya kwanza ilitisha. Kati ya vituo 129, asilimia 78 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja kati ya dawa tano zilizokuwa zikifuatiliwa. Hivyo ni vituo 100 hivi. Na asilimia 26, yaani zaidi ya vituo 30, havikuwa na dozi hata moja ya dawa ya mseto, tiba kuu ya malaria isiyo kali, si ya mtoto wala ya mtu mzima.

Wiki 21 baadaye, vituo vilivyoishiwa angalau aina moja vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 26. Visivyo na dawa ya mseto kabisa vilibaki asilimia 0.8, ambayo kwa vituo 129 ni kituo kimoja. Msomaji aziangalie vizuri hizo 26 mbili, maana nimeona watu wakizichanganya hata kwenye vikao vya watu wazito: ile ya mwanzo ni vituo visivyo na dozi yoyote ya mseto, ya mwisho ni vituo vilivyokosa walau kimoja kati ya vitu vitano. Ni hali mbili tofauti kabisa kwa mama aliyebeba mtoto mwenye homa.

Mradi huo uliitwa SMS for Life. Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii iliuendesha pamoja na ubia wa Roll Back Malaria, Novartis, Vodafone na IBM. Umesimuliwa mara nyingi kama ushindi wa simu ya mkononi. Mimi nausoma kama kisa cha uendeshaji: nani anajua kwamba dawa imeisha, anajua lini, na akishajua ana uwezo gani wa kufanya kitu. Nimefanya kazi kwenye stoo za dawa za wilaya, nimepokea wagonjwa walioambiwa "dawa hakuna, kanunue", na siwezi kulizungumza jambo hili kama mtu wa mbali.

Dozi nne na sindano moja

Kabla ya kwenda kwenye simu, lazima tuielewe dawa yenyewe, kwa sababu tabia ya bidhaa ndiyo inayoamua tabia ya stoo.

Tanzania iliachana na SP (sulfadoksini na pirimethamini) kama tiba ya kawaida ya malaria na kuingia kwenye dawa ya mseto, ALu, kati ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007. Wakati wa mradi kidonge kilikuwa kile kile kwa wote: artemether miligramu 20 na lumefantrine miligramu 120. Kinachobadilika ni idadi kulingana na uzito wa mgonjwa. Kuna pakiti ya vidonge 6 kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, ya vidonge 12, ya 18, na ya 24 kwa mwenye kilo 35 na kuendelea. Zote humezwa mara mbili kwa siku, siku tatu. Kwa hiyo dawa moja inakaa kwenye leja kama vitu vinne vyenye mistari minne. Ukiongeza sindano ya kwinini, iliyokuwa ikitumika wakati huo kwa malaria kali, unapata vile vitu vitano.

Sasa, kwa kuwa kidonge ni kimoja, mhudumu aliyeishiwa pakiti za mtoto anaweza kukata pakiti ya mtu mzima akapata dozi nne za mtoto. Kinyume chake pia kinawezekana: mtu mzima anapewa pakiti nne za watoto. Wote waliofanya kazi zahanati wanalijua hili, na hakuna wa kulaumiwa, maana mgonjwa yuko mbele yako. Lakini angalia kinachotokea stoo. Dozi moja ya mtu mzima imemeza dozi nne za watoto. Pakiti za vidonge 24 zikiisha Jumanne, zile za 6 zinaanza kuporomoka kwa kasi ambayo mpangilio wa kuagiza haukuitarajia. Pengo la aina moja linavuta lingine, na wiki chache baadaye rafu nzima ni tupu.

Ndiyo maana naona kipimo cha "angalau aina moja imeisha" hakistahili kudharauliwa, ingawa kipimo cha "hakuna kabisa" ndicho kinachogusa moyo. Cha kwanza ni onyo, cha pili ni janga lenyewe. Wilaya inayosubiri cha pili ndipo ishtuke imechelewa.

Kwa nini rafu ilikuwa tupu

Jibu la haraka huwa: Bohari ya Dawa, ghala la taifa la dawa za vituo vya umma, haikuleta. Mara nyingine ni kweli. Lakini katika kisa hiki nusu ya jibu iko kwenye mzunguko wa taarifa, na sehemu hii ndiyo ningependa msomaji akae nayo kwa muda.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa wa kuagiza kila robo mwaka. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anajaza fomu ya taarifa na maombi: alianza na dozi ngapi, alipokea ngapi, alitumia ngapi, zimebaki ngapi. Fomu inakwenda wilayani, inakusanywa, inakaguliwa, inapelekwa Bohari. Dawa zinashuka wilayani, halafu wilaya inatafuta namna ya kuzifikisha vituoni.

Chukua zahanati ya mfano. Kwa kawaida hutumia dozi 60 za mtoto kwa mwezi, hivyo imeagiza 180 kwa robo mwaka. Mvua zinanyesha, mbu wanazaliana, wagonjwa wanapanda hadi 90 kwa mwezi. Dozi 180 zinaisha mwisho wa mwezi wa pili. Mwezi wa tatu mzima, watoto 90 wanakuja na wote wanarudishwa au wanapelekwa duka la dawa. Robo inapokwisha, mganga mfawidhi anaandika kwenye fomu: matumizi, dozi 180. Wilaya inagawa kwa miezi mitatu, inapata 60 kwa mwezi. Kwa karatasi, hakuna kilichobadilika. Zahanati inaletewa 180 nyingine, na njaa ile ile inajirudia.

Wale watoto 90 hawamo kwenye fomu. Dawa ambayo haikuwepo haikutumika, na ambayo haikutumika haikuagizwa. Fomu nzuri huwa na safu ya siku ambazo dawa haikuwepo, ili anayekokotoa agawe 180 kwa miezi miwili badala ya mitatu apate 90, ambayo ndiyo mahitaji ya kweli. Safu hiyo inategemea kadi ya stoo iliyojazwa siku ile dawa ilipoisha. Kwenye zahanati yenye mhudumu mmoja, anayezalisha akina mama, anayechanja na anayefunga vidonda, ni kadi ngapi zilijazwa siku hiyo hiyo? Nimezifungua nyingi. Mstari wa mwisho mara nyingi ni wa siku dawa zilipopokelewa.

Tatizo la pili ni ucheleweshaji. Dawa ikiisha wiki ya tisa ya robo yenye wiki 13, wilaya inaweza kukaa mwezi mzima bila kujua, isipokuwa mganga mfawidhi apige simu kwa vocha yake au apande basi. Na hata akipiga, mfamasia wa wilaya anabaki hajui jambo la muhimu kuliko yote: nani mwingine wilayani anazo.

Hapo ndipo panaponiuma. Zahanati moja inaweza kuwa na sifuri huku jirani yake, mwendo wa saa moja kwa pikipiki, ana dozi 300 na hutumia 60 kwa mwezi. Huyo ana akiba ya miezi mitano. Ukichukua 120 kwake ukampa mwenzake, yeye anabaki na 180, miezi mitatu kamili, na mwenzake ana miezi miwili ya kupumua. Dozi 120 ni maboksi manne ya dozi thelathini thelathini. Yanakaa kwenye mkoba wa pikipiki. Wilaya kwa ujumla wake inaweza kuwa na dawa za kutosha huku nusu ya vituo vyake vikisema hakuna, na kila mmoja akawa anasema ukweli.

Alhamisi hadi Jumatatu

Mradi ulichagua kushughulikia jambo moja tu: ule ucheleweshaji. Kila Alhamisi mfumo ulituma ujumbe kwenye simu za wahudumu waliosajiliwa, simu zao wenyewe za kawaida. Mhudumu alihesabu pakiti za aina nne za mseto na kwinini, akajibu kwa ujumbe wenye mpangilio maalumu, bila kukatwa salio. Aliyejibu kwa wakati aliwekewa muda wa maongezi. Asiyejibu alikumbushwa Ijumaa. Wiki ilipoanza upya, wilaya ilikuwa na picha kamili: kituo gani kina nini, kipi kimeishiwa, kipi hakijajibu, pamoja na ramani kwenye kompyuta.

Naupenda uchaguzi huo kwa sababu kadhaa, na zote ni za kazi ya kila siku. Hawakuanzisha fomu mpya ya kurasa nne. Hawakuomba mhudumu aseme ametumia ngapi, ameharibu ngapi, anahitaji ngapi. Walimwomba asimame mbele ya rafu ahesabu vitu vitano. Kazi ya dakika chache, siku ile ile kila wiki, kwa chombo ambacho tayari kiko mfukoni. Na walimlipa kitu kidogo mara tu alipofanya, si mwisho wa mwaka.

Matokeo ya upande huo yanajieleza. Kwa wastani asilimia 95 ya taarifa zilizotarajiwa zilipatikana, na kiwango hakikushuka chini ya 93 katika wiki zote 21. Asilimia 7.5 ya jumbe zilikuwa na makosa ya uandishi, karibu zote zikarekebishwa na kutumwa upya. Wakaguzi walipofika vituoni kulinganisha ujumbe na rafu, usahihi ulikuwa asilimia 94. Wilayani, taarifa zilifunguliwa kwa wastani mara moja kwa siku.

Yeyote aliyewahi kufukuzia ripoti za robo mwaka anajua asilimia 95 ina maana gani. Tumezoea kusema wahudumu wa vijijini hawaripoti. Hawa waliripoti wiki baada ya wiki, kutoka mahali ambapo mtandao unashikwa ukipanda kilimani. Hawakuwa wavivu, wala hawakukosa elimu. Waliulizwa swali fupi lenye maana, na walijua kuna mtu upande wa pili anayesubiri jibu.

Wilaya tatu, matokeo matatu

Wastani wa wilaya tatu unaficha kisa chenyewe. Ukizitenganisha, unaona hivi: Lindi Vijijini ilianza na asilimia 57 ya vituo vilivyoishiwa angalau aina moja, ikamaliza na sifuri. Ilifika hapo kufikia wiki ya nane, na baada ya hapo upungufu ulikuwa karibu haupo. Ulanga ilitoka 87 hadi 30. Kigoma Vijijini ilitoka 93 hadi 47.

Simu zilikuwa zile zile. Ujumbe ulikuwa ule ule, siku ile ile ya Alhamisi, vocha ile ile. Ikiwa simu ndiyo iliyofanya kazi, kwa nini wilaya moja inafuta tatizo ndani ya miezi miwili na nyingine inabaki na karibu nusu ya vituo vyenye mapengo?

Sehemu ya jibu iko ardhini. Ulanga ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya leo, ilijumuisha na eneo ambalo sasa ni wilaya ya Malinyi. Makao makuu yako Mahenge, juu milimani, na kutoka Ifakara ulikuwa unavuka Mto Kilombero kwa kivuko, daraja lilikuwa bado. Masika yakikolea, bonde lote ni maji. Kigoma Vijijini nayo ilikuwa haijagawanywa. Uvinza ilikuwa ndani yake, na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa kusini vilifikika kwa boti. Kuhamisha maboksi manne kutoka kituo kimoja kwenda kingine huko hakuhusu pikipiki ya saa moja. Unasubiri boti, unasubiri ziwa litulie.

Lakini ardhi peke yake haitoshi kueleza. Kuna mahali ambapo ujumbe unaonyesha dawa zimekaa pabaya, na kuna mahali ambapo ujumbe unaonyesha dawa hazipo. Ukianza na asilimia 57, yaani zaidi ya theluthi moja ya vituo vina aina zote tano, una wa kuwakopa. Ukianza na 93, unamkopa nani? Katika vituo 100 ni saba tu visivyo na pengo lolote. Hapo kugawana hakuna maana mpaka mzigo mpya ushuke kutoka juu. Taarifa ile ile inamtaka mganga mkuu wa wilaya mmoja atume gari, na mwingine apige kelele Bohari na wizarani. Hizo ni kazi mbili tofauti, zenye mamlaka tofauti. Gari la wilaya unaliamuru. Ghala la kanda la Bohari unaliomba.

Takwimu za akiba zinaunga mkono usomaji huu. Katika kipindi cha majaribio, jumla ya dawa ya mseto katika wilaya zote tatu iliongezeka kwa asilimia 64, na kwinini kwa asilimia 36. Kugawana peke yake hakuongezi hata dozi moja kwenye jumla ya wilaya. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa yakitendeka kwa pamoja: dawa zilizokuwepo zilihamishwa, na dawa zaidi zilivutwa kutoka juu. Anayesimulia mradi huu kama kisa cha kugawana tu amesahau hiyo 64. Na anayesema ni dawa mpya tu zilizoingia hajaeleza sifuri ya Lindi.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwenye asilimia. Kuhamisha dawa kutoka kituo hadi kituo ni tendo la kisiasa kidogo, kwa maana ya kijiji. Mganga mfawidhi aliyetunza stoo yake vizuri, aliyeagiza mapema, anaambiwa atoe dozi 120 apewe jirani ambaye labda hakujaza fomu. Kesho wanakijiji wake wakikosa, lawama ni zake. Lazima pawe na hati ya kutolea na ya kupokelea, leja mbili zisahihishwe, na mkaguzi akija mwakani asimwone mwizi. Kwa dawa ya mseto jambo lilikuwa rahisi kidogo kwa sababu ilinunuliwa kwa fedha za wafadhili kama Mfuko wa Dunia na mpango wa malaria wa Rais wa Marekani. Dawa zilizonunuliwa kwa fedha za kituo chenyewe zingezua ugomvi mkubwa zaidi. Nimewahi kusimamia uhamisho wa aina hiyo, na maneno yaliyosemwa siku hiyo kwenye baraza la kijiji siwezi kuyaandika hapa.

Kioo kutoka Kenya

Baadaye mfumo wa jina hilo hilo ulijaribiwa Kenya, katika wilaya tano zenye vituo 87 vya umma, kwa wiki 26. Wahudumu walijibu kwa asilimia 97. Vituo vilivyoishiwa angalau pakiti moja ya mseto vilipungua kwa pointi za asilimia 38, na kufikia wiki ya mwisho hakukuwa na kituo kisicho na dawa ya mseto kabisa.

Ninachokithamini zaidi kwenye jaribio la Kenya ni kwamba walipima kitu ambacho nilikuwa nakitafuta kwenye kisa cha Tanzania: taarifa ya kuishiwa ikifika, msimamizi alifanya nini? Kwa dawa ya mseto, wasimamizi walihamisha dawa kati ya vituo kwa asilimia 44 ya taarifa. Kwa vipimo vya haraka vya malaria, asilimia 73. Yaani zaidi ya nusu ya mara ambazo kituo kilisema "mseto umeisha", hakukufuata uhamisho.

Sidhani hilo ni uzembe. Aina moja ya mseto ikiisha, msimamizi anajua mhudumu atakata pakiti nyingine, kwa hiyo anaweza kusubiri. Kipimo kikiisha hakuna cha kukata. Hayo ni makisio yangu. Lakini namba yenyewe inaweka wazi mahali ambapo mnyororo unalegea: katikati ya kujua na kutenda.

Tena kuna funzo la hesabu. Walipokagua, usahihi wa idadi zilizotumwa ulikuwa asilimia 79, lakini usahihi wa taarifa za kuishiwa ulikuwa 93. Inaeleweka. Kati ya 47 na 52 mtu anakosea. Sifuri haikosewi kirahisi. Kwa mtu anayepanga mfumo wenye fedha kidogo, hii ni habari njema. Ukishindwa kupata idadi sahihi kila wiki, pata angalau ndiyo au hapana. Bado utajua pa kutuma pikipiki.

Mashaka yangu

Majaribio ya Tanzania hayakuwa na wilaya za kulinganishia. Hatuwezi kujua ni kiasi gani cha mabadiliko kingetokea hata bila simu, kwa sababu mzigo wa Bohari hufika kwa vipindi, na wiki 21 zinatosha kuingiza mzigo mmoja au miwili. Ukianza kupima vituo vikiwa vikavu, mzigo wa kawaida tu utakufanya uonekane umefaulu. Lindi kubaki karibu na sifuri kwa zaidi ya wiki kumi mfululizo kunanipa imani zaidi kuliko ile tofauti ya wiki ya 1 na ya 21, kwa sababu mzigo mmoja hupandisha akiba halafu akiba hushuka, bali kubaki juu kunahitaji mkono wa mtu.

Jambo la pili ni la wazi na lisemwe: Novartis, iliyokuwa mbele katika mradi, ndiye mtengenezaji wa Coartem, ambayo ndiyo hiyo ALu. Dawa kuongezeka vituoni kuna faida kwake pia. Hilo halifuti faida ya mtoto aliyepata dozi, na uchaguzi wa kufuatilia malaria ulikuwa wa haki kwa wilaya hizo. Lakini wakati simu zilikuwa zikiuliza habari za mseto, hakuna aliyeuliza kuhusu oksitosini ya mama anayetoka damu baada ya kujifungua, au amoksilini ya mtoto mwenye nimonia. Msimamizi wa wilaya ana gari moja. Dawa inayopiga kelele kila Jumatatu inalipata gari, na dawa isiyo na sauti inabaki stoo.

La tatu ni motisha. Vocha ilikuwa ya anayehesabu. Anayehamisha alitegemea mafuta ya wilaya, dereva wa wilaya, na moyo wake. Mfumo ulihakikisha hesabu inafika, na ukaacha tendo lenyewe kwa mtu ambaye wiki hiyo hiyo ana kampeni ya chanjo, ugeni wa mkoa na gari lililoharibika. Mwaka 2011 mfumo ulianza kusambazwa nchi nzima, vituo zaidi ya 5,000. Kwenye wilaya tatu za majaribio, macho ya wizara na wabia yalikuwa juu ya kila mganga mkuu. Ukisambaza kwa zaidi ya wilaya 100, macho yanagawanyika, na ghala la taifa likipungukiwa hakuna ujumbe unaoweza kulijaza.

Ambacho ningeongeza

Ningeanza na jedwali moja tu wilayani, limebandikwa ukutani ofisini kwa mfamasia. Kila taarifa ya kuishiwa inaandikwa: kituo, dawa, siku ilipoingia. Pembeni, uamuzi, na uwe mmoja kati ya mitatu: nimehamisha kutoka kituo fulani, nimeomba Bohari kwa dharura, au sijafanya na sababu ni hii. Halafu siku dawa ilipofika kituoni. Timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya wilaya inalisoma jedwali hilo kila Jumatatu kabla ya ajenda nyingine. Kwa utaratibu huo tungekuwa leo na jibu la Kigoma: ile asilimia 47 ilitokana na dawa kutokuwepo, na boti kutokuwepo, au na uamuzi kutokuwepo? Kila sababu ina tiba yake, na ukikosea unanunua simu mahali palipohitaji boti.

Ningetenga kifungu cha mafuta ya kuhamisha dawa, kidogo lakini chenye jina lake, kisichoweza kuhamishiwa semina. Na ningempa mfamasia wa wilaya barua ya mganga mkuu inayomruhusu kuhamisha hadi kiwango fulani bila kuomba kibali kila mara, tuseme chochote kinachozidi akiba ya miezi mitatu ya kituo kinachotoa. Yule mganga mfawidhi mwangalifu angejua mapema kwamba miezi yake mitatu haiguswi, naye asingeanza kuficha maboksi chini ya kitanda cha kuzalishia.

Kwa vituo vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ningefanya kinyume cha kugawana. Mahali ambapo boti ni ya kubahatisha, hesabu ya kila wiki inakupa uchungu wa kila wiki bila tiba. Hapo akiba inatakiwa iwe kubwa tangu mwanzo, miezi minne au mitano badala ya mitatu, iwekwe kabla mvua hazijaanza, na ujumbe wa Alhamisi utumike kuangalia kama akiba hiyo inaliwa kwa kasi kuliko ilivyopangwa. ALu kwa kawaida ina muda wa matumizi wa angalau miaka miwili tangu itengenezwe, kwa hiyo ukipokea mzigo wenye muda wa kutosha, akiba ya miezi mitano haitaoza. Gharama yake ni rafu ya ziada na fedha zilizolala ndani ya maboksi. Nimeiweka gharama hiyo kwenye mizani mara nyingi, upande wa pili nikamweka mtoto wa kilo tisa mwenye homa, katika kijiji ambacho boti inayofuata ni ya wiki ijayo.